Iyafoni za Kumsikilizia Baba

Jumamosi, 14 Juni

Yailahi, leo kidogo niende hospitali na kipande cha mpira ndani ya sikio. Nimerudi kutoka kazini, nimevua ushungi, nimevuta iyafoni ya kushoto, imekuja bila kofia yake. Kile kikofia cha mpira kimebaki ndani. Nikatia kidole, kikazidi kuzama. Nikapiga ukelele mpaka Harriet akatoka bafuni na povu kichwani.

Harriet ni Mganda, mlinzi wa lango la maegesho kwenye duka kubwa lile lile ninalouza marashi mimi, na chumba chetu hapa Al Barsha tunagawana wawili. Ni mtu wa vitendo. Alinilaza kitandani, akachukua kibano changu cha nyusi, akasema, "Wewe usitingishike. Ukitingishika natoboa ubongo, na mimi sitaki kuandika ripoti." Akakichomoa. Tukakitazama kimelala kwenye kiganja chake, kidogo kama mbegu ya ubuyu.

"Hii masikio yako," akasema, "moja kubwa, moja kadogo." Nikakataa. Akaniletea kioo na tochi ya simu. Ni kweli! Umri wote huu natembea na masikio yasiyolingana, na hakuna hata ndugu mmoja aliyenifanyia hisani ya kuniambia.

Mtu atauliza mwanamke mzima anatafuta nini na iyafoni za kubana namna hii. Namtafuta babangu. Baba ni fundi wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza hewani kwa mapenzi yao tu, bila mshahara. Kazi yake aliimalizia kwenye redio ya meli bandarini Mombasa, na alipostaafu akajaza mitambo chumbani. Kila jioni saa kumi na moja ya kwao, saa kumi na mbili yetu, hukaa hewani na wenzake wa Nakuru, Arusha na kwingineko wakaulizana hali. Mimi hajazungumza nami, kwa maana hasa ya kuzungumza, tangu nilipoacha kazi aliyonitafutia ofisi za bandari nikaja huku. "Nimekusomesha ukauze marashi?" Hiyo ndiyo sentensi yake nzima ya mwisho. Mwaka wa kwanza nikipiga simu alinitupia maneno mawili matatu. Siku hizi ni "Ongea na mamako," basi, simu imeshahamia kwa Mama.

Kisha Everlyn, aliyelala kitanda hiki kabla ya Harriet, akarudi kwao moja kwa moja na kuniachia redio yake ndogo ya masafa mafupi. Nikagundua ina swichi ya kuwasikiliza hao mafundi. Kujibu siwezi, redio yenyewe haina mdomo, na kusema hewani kunataka leseni. Lakini kusikia naweza. Nataka kumsikia Baba akizungumza kama mtu, hata kama hazungumzi nami.

Jumanne, 17 Juni

Siku yangu ya mapumziko. Chumbani redio haifai kitu: kiyoyozi, chaja, taa, lifti, vyote vinanguruma ndani yake. Nikaenda bustani ya bwawa, nikatupa waya wa antena juu ya kichaka, nikakaa kwenye nyasi. Joto la kuchomea mkate. Iyafoni zangu nzuri zisizo na waya, zile nilizojizawadia Idi, hapa ni pambo tu, kwa sababu redio inajua tundu na waya, haijui mengine. Nikatia hizi za vikofia, ushungi ukazikandamiza, sikio dogo likaanza kuuma papo hapo.

Kwa muda nikasikia mchanga unaokaangwa, na sauti za watu kama wako nyumba ya tatu. Halafu: "Rudia! Sijakupata, Naftali! Rudia!"

Nikasimama wima. Mume na mke waliokuwa wakikimbia mazoezi wakanizunguka kwa mbali. Ni Baba! Sijakosea, ni ukali ule ule wa kutuita mezani. Nikajikuta nalia na kucheka, jasho linaingia machoni. Nimeambulia hayo tu, na "ova" moja, neno lao la kumpisha mwenzao aseme, kisha mchanga ukafunika kila kitu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepiga nyumbani. "Ongea na mamako."

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kwa Hashir, mwenye kijiduka cha vitu vya simu chini ya jengo letu. Ni Mhindi wa Kerala, amekaa Dubai mpaka Kiarabu chake na Kiingereza chake vimeoana, na mimi namjibu kwa mchanganyiko huo huo. Nikamwambia nataka iyafoni za waya, nyepesi, zenye kushika sauti hafifu, zisizoumiza chini ya ushungi.

"Sista, chukua hii. Besi kali! Ukisikiliza, meno yanacheza."

"Sitaki meno yacheze. Nataka kumsikia mtu anazungumza mbali sana, kwa sauti ndogo."

"Mtu gani?"

"Babangu."

Akanitazama, akatazama iyafoni, akasema basi nichukue hizo hizo, maana zina nguvu. Nikazichukua kwa kuwa ndizo za bei juu dukani, nikaamini bei. Nilivyo mjinga!

Jumamosi, 28 Juni

Leo hata mabomba ya maji baridi yanatoa maji ya chai. Sina la kuandika.

Jumanne, 1 Julai

Bustanini tena. Iyafoni za besi zimenishangaza kwa ubaya. Sauti ipo, kubwa, lakini Baba anazungumzia ndani ya pipa. Na zina vishina vinene vinavyotokeza nje ya sikio, ushungi ukivisukuma ni kama mtu anakubonyeza na kidole gumba. Nilivumilia kwa ajili ya kusikia.

Nilichosikia kimenisononesha. Baba anafoka. Si kwangu tu, anafokea hata rafiki zake. Naftali, mwenye kuongoza kikao chao kutoka Nakuru, mtu mpole wa sauti ya kanisani, alimwambia jambo, na Baba akaruka: "Sema vizuri! Unanong'ona kama bibi arusi! Rudia!" Naftali akarudia. "Rudia!" Akarudia tena. Mwingine akaingia, Baba akamkatiza katikati kana kwamba hayupo. Nimeona aibu, mimi niliyejificha nyuma ya kichaka Dubai.

Nilimsimulia Harriet. "Wazee wengine wakistaafu wanakuwa hivyo," akasema. "Taata wangu alikuwa anapigana na jogoo." Sikucheka. Nilitarajia nimkute Baba mwingine kule hewani, Baba wa zamani mwenye masihara. Kumbe hasira hii ameieneza kwa kila mtu.

Jumanne, 8 Julai

Vumbi. Mnara wa jirani hauonekani. Sikutoka.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimeghadhibika hasa. Nilipiga, akapokea yeye. Nikamwahi: "Shikamoo Baba, ni mimi, usimpe Mama kwanza, nina neno." Nilikuwa nimelipanga: nimepandishwa, sasa nasimamia kaunta, hata madam Ghada, mkubwa wetu wa duka, amenipa mkono. Nikasema yote kwa pumzi moja, na sauti hii yangu nyembamba aliyonirithisha shangazi.

Kisha: "Haya, haya. Ongea na mamako."

Hata marahaba hakuitika! Mama alipochukua simu nikamlipukia. "Huyu babangu ana moyo gani? Nimemuua mtu?"

"Mwanangu, babako mzima, ana mambo yake tu. Usijali."

"Nisijali nini? Salamu haitikii!"

"Usijali, nakwambia. Umekula?"

Nikakata. Sijawahi kumkatia mamangu simu, na nimeshtuka na nafsi yangu. Redio nimeifungia sandukuni pamoja na iyafoni zake. Khalas.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikuwa napita tu kununua maji. Hashir akagonga kioo cha duka lake na ufunguo. "Sista! Baba yako bado mbali?"

Nikamwambia nimeacha kumsikiliza. Hakunisikia au hakutaka kunisikia. Akatoa iyafoni ndogo, nyembamba, bapa upande wa nje, waya wake unapita juu ya sikio na kushuka nyuma ya shingo. Vikofia vyake ni sponji, unavikamua kwa vidole vinajaa vyenyewe, na pakiti ina vya kila ukubwa. Nikatia kikubwa kulia, kidogo kushoto. Nikafunga ushungi juu yake. Sikuhisi kitu. Nikajipapasa nione kama zimo.

"Hii mimi siwezi kuuza," akasema. "Vijana wanarudisha. Hakuna besi. Sauti ya katikati tu, sauti ya watu. Lakini inashika, wallah, inashika." Akaichomeka kwenye simu yake na kunichezea ujumbe wa sauti wa mamake, kutoka kwao. Sijui neno moja la lugha yao, lakini nilimsikia bibi huyo akivuta pumzi. Nilisikia kuku nyuma yake, na sufuria ikiwekwa chini. Hashir alikuwa anatazama pembeni.

Nimezichukua. Sijasema nitasikiliza, nimezichukua tu.

Jumanne, 22 Julai

Lazima niandike leo leo, nisije kesho nikajiambia niliota.

Nilikuwa bustanini kabla ya saa kumi na mbili. Hewa ilikuwa nzito ya unyevu, lakini redio ilikuwa safi kwa namna ambayo sijapata kuisikia. Iyafoni hizi zilinifungulia chumba cha Baba. Nilisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni. Nilisikia cherehani ya Mama inakwenda na kusimama. Nilikaa kimya kabisa, kana kwamba nikijikuna watanisikia.

Naftali akafungua kikao, akaita majina, akafika kwa Baba. Akamsalimu polepole. Baba: "Rudia!" Akarudia neno moja moja, kwa sauti ya kumsemesha mtoto. Baba: "Sipati, Naftali." Na hapo nikasikia nisichokuwa nimekisikia wiki zote zile, kwa sababu pipa la besi lilikuwa likikimeza. Naftali alisema, "Haya mzee, subiri, nakuja kwa ufunguo." Sauti yake ikatoweka, na mahali pake pakaja mlio mmoja mnene, ti-taa, ti-ti-taa. Morse! Lugha ya kazi ya Baba, ya kugonga herufi kwa kiswichi wanachokiita ufunguo, mlio mfupi ti, mrefu taa, aliyotufundisha mezani mimi na dada yangu Rukiya tukiwa wadogo, tukigonga vijiko mpaka Mama anatunyang'anya.

Na Baba akajibu. Kwa mdomo wake, papo hapo, bila kufoka. "Nimekupata mia kwa mia, ndugu yangu. Huku hatujambo, mvua imekatika." Ile sauti! Ile ile ya masihara. Nilishika nyasi kwa mikono miwili.

Naftali akapiga tena. Mimi Morse imenitoka, naokota herufi moja moja kama mchele uliomwagika. D, A, K, T. Nikajua ni daktari. Kisha M, A, S, I, K. Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti, hapana, peke yangu kichakani.

Baba akacheka kidogo. Akasema, nanukuu nilivyosikia, na nimesikia kila neno: "Daktari amesema ndiyo basi, hayarudi. Miaka ile ya mashine za bandarini imeyala. Sauti nyembamba zote zimenitoka. Ndege siwasikii. Adhana naisikia kama mtu yuko chini ya maji. Lakini huu mlio wako mmoja, mnene, huu naupata kama ujana wangu. Ova."

Naftali akauliza kitu. Nikapata herufi mbili, B na T, binti.

Baba akakiweka kikombe chini. Halafu: "Huyu wa Dubai ndiye ananiuma. Ana sauti nyembamba, kama ya dadangu marehemu. Akipiga simu naona taa inawaka, naweka sikioni, nasikia upepo. Sijui analia au anacheka. Juzi alisema mengi sana. Sijui alisema nini. Nimemwambia mamake na Rukiya, yeyote atakayemwambia, tutakosana. Acha adhani nimekasirika. Hasira anaizoea. Akijua, ataacha kazi yake arudi anionee huruma, na mimi nilishamkosea mwanzo kuhusu kazi hiyo. Ova."

Nilimwita. "Baba!" Nilimwita kwenye redio, kwenye kile kisanduku kisicho na mdomo, mara sijui ngapi. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na kigari cha mtoto akanijia, akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nimepata habari mbaya, na katikati yake mna habari ambayo nimeililia miaka. Hakuwa amekasirika! Nimemkasirikia mtu asiyenisikia.

Jumatano, 23 Julai

Nimempigia Rukiya. Ni mwalimu Voi, na ni mkubwa wangu. Nilianza kwa upole, nikashindwa.

"Da Rukiya, Baba hasikii."

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Hewani."

"Ati hewani! Unamsikizia redio? Mahfudha, wewe ni jini?"

"Nijibu! Mlijua tangu lini?"

"Mwaka jana. Mbona unanipigia kelele? Wewe uko ugenini, tungekwambia ufanye nini? Ukae hapo peke yako ulie? Mtu akiwa nje hapelekewi ugonjwa, unajua hivyo. Hata wewe ulipolazwa na kidole tumbo, ulituambia baada ya kushonwa."

Hapo alinikamata. Kweli sikusema. Sisi wote tumelelewa hivyo, aliye mbali anapelekewa salamu tu, na tunaona ndiyo mapenzi. Lakini nimewaka bado. Nimemwambia walichonificha si ugonjwa, wamenificha baba.

Akalia. Na mimi nikalia. Amesema shule zikifungwa Agosti atakwenda nyumbani, na kwamba hatamwambia Baba kuwa najua, ameapa. Nikamwambia asimwambie. Nina wazo, lakini sijalitamka hata kwa Harriet.

Jumapili, 27 Julai

Nimemwambia Harriet. Amefikiri nimepatwa na joto.

Alhamisi, 31 Julai

Nafanya mazoezi ya Morse. Si kwa kugonga, maana simu humeza milio ya kugonga. Nafanya kwa koo, chini kabisa, sauti ya mwanamume mwenye mafua. Taa. Ti-taa. Kazini napanga chupa za marashi kwa mfumo huo, ndefu taa, fupi ti, nasoma. Madam Ghada amepita, ametazama, amesema safu yangu haina mpangilio. Nilimjibu, "Yes madam," na nikambakizia jina langu kwenye rafu.

Jumanne, 5 Agosti

Bustanini. Baba mzima. Naftali amempigia kisa kirefu, na Baba amecheka mpaka amekohoa. Nimeokota nusu ya herufi zote, na iyafoni hizi hata jasho halizitoi. Nilicheka naye bila kukijua kisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Harriet ananikalia kama msimamizi wa mtihani. Namvumia jina lake, anafuata kwenye karatasi niliyomwandikia. "Banange, umeandika Harrit. Ongeza E." Anayaita mazoezi haya maombi ya ng'ombe. Jirani amegonga ukuta.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimekufa na nimefufuka.

Naftali alifungua kikao, akaita majina. Akafika kwa Baba. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akapiga kwa ufunguo, polepole, herufi za Baba za hewani, ambazo nazijua kuliko namba ya pasipoti yangu. Mchanga tu. Akapiga tena. Mmoja wa Arusha akauliza, "Mzee wetu jana alikuwepo?" Naftali akasema jana hakuwepo pia. Kisha akasema, kwa ile sauti ya kanisani, "Tumwombee mzee. Wanaosikia, tumwombee."

Nimewahi kumsikia Baba akieleza kwamba mafundi wa redio mwenzao akifa hawasemi amekufa, wanasema ufunguo wake umenyamaza. Neno hilo likaniingia kichwani likakataa kutoka. Nilipiga simu ya Mama, haipatikani. Ya Rukiya, haipatikani. Nilikusanya waya wa antena nikakimbia nao, unaburuta nyuma yangu, mpaka lango la maegesho, kwa Harriet aliyekuwa zamu. Nikamwonyesha simu, namba za nyumbani. Aliniweka kwenye kiti chake cha plastiki, kitu kilichokatazwa kabisa, akachukua simu yangu akawa anapiga yeye, tena na tena, huku anafungulia magari kwa mkono mwingine.

Ikapokelewa. Harriet akaniwekea sikioni. Rukiya: "Nini? Mbona simu nyingi hivi? Stima imekatika mtaa mzima tangu jana, simu ndiyo kwanza nimezitia chaji kwa jirani. Baba? Baba yuko hapa nje anafokea waya za stima."

Nikakaa chini sakafuni, kwenye alama ya gari. Nilikuwa nacheka kwa sauti ambayo sikuijua. Harriet akamwambia dereva aliyekuwa akipiga honi, "Sir, ngoja. Baba yake amefufuka." Na dereva akangoja.

Sisubiri tena. Nilikuwa nasema niwe hodari kwanza. Nimemwambia Rukiya atafute kile kiunganishi cha kuchomeka hedifoni kubwa za Baba kwenye simu. Jumanne ijayo.

Jumatatu, 18 Agosti

Rukiya amekipata kiunganishi, kwa tabu, kwa fundi wa kamera.

Jumanne, 19 Agosti

Saa nane ya huku, nimeketi kwenye ngazi za nyuma za jengo letu, maana ndipo simu inashika vizuri na hakuna watu. Iyafoni za Hashir masikioni, zimechomekwa kwenye simu. Harriet amesimama juu yangu mikono kiunoni, kama yuko zamu.

Rukiya akapokea akanong'ona, "Nimemwambia kuna mtu anataka kumjaribu Morse kwenye simu. Ameng'aka, lakini amevaa hedifoni. Ongea. Yaani, fanya hayo mambo yako."

Nikavuta pumzi, nikashuka chini kabisa ya koo. Taa taa. Ti ti taa ti. M na F, jina alilonipa yeye mezani nilipokuwa sijaweza kulipiga langu lote.

Hakuna kitu. Nikapiga tena.

"NANI HUYO?"

Nimepiga ukelele! Iyafoni hizi zinashika pumzi ya bibi wa Kerala, fikiria zilivyomshika Baba anavyofoka. Harriet amesikia kutoka ngazi ya juu. Nikazisukuma nje kidogo, nikapiga tena, M, F, na sauti ikinikatika.

"Mkono mbaya!" akasema Baba, maana upigaji wa Morse wao huuita mkono. "Mkono mzito kama wa karani. Rudia!"

Nikarudia. Nilikuwa nalia na kulia kunaharibu mlio, taa inakuwa ti. Nikameza, nikarudia tena. Kule nikasikia kiti kikisogea. Nikamsikia Mama akisema, "Nini? Baba Rukiya, nini?" Nikasikia pumzi yake Baba, karibu kabisa, kama amejiinamia juu ya simu.

"M, F," akasema. Sasa hakuwa anafoka. "M, F wangu mimi ni mmoja tu."

Nikapiga N, D, I, Y, O, herufi kwa herufi. Mwanamke mmoja wa usafi akapita na ndoo, akamtazama mwanamke anayeguna kwenye ngazi machozi yanamtiririka, akamtazama Harriet. Harriet akamwambia, "Anaongea na baba yake. Pita."

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote, Baba aniulize nani ameniambia, amkasirikie Rukiya, avue hedifoni. Nilikuwa na majibu nimeyafanyia mazoezi: kwamba sirudi, kwamba kazi naipenda, kwamba kila Jumanne namsikia. Akajisafisha koo. Akaniuliza kwa sauti ya kazi, ile wanayoulizana mafundi wakikutana mara ya kwanza hewani, "Nakupata vizuri sana. Wewe unanipataje?"

Nikampigia V, I, Z, U, R, I. Niliikosea Z, akanisahihisha.

"Kwenu hali ya hewa?"

J, O, T, O.

Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ndogo, ndogo kabisa. Kwa iyafoni zile za kwanza, wallahi, nisingeisikia.

"Umekula?"

Nikampigia ndiyo. Muongo mimi. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni.